Keki Iliyoogopwa

Ndugu msomaji, mimi ni mpishi wa keki. Tangu mwaka 2007 ninapika keki hapa Bariadi: za harusi, za kipaimara, za kumwaga binti anayeolewa, na za watoto wanaotimiza mwaka. Sikuanza kwa jiko la umeme. Nilianza kwa sufuria kubwa niliyoitandaza mchanga chini, nikatia ndani yake sufuria ndogo yenye mchanganyiko uliokorogwa, nikafunika, na juu ya mfuniko nikapanga makaa. Moto wa chini uwe mdogo, wa juu uzidi kidogo. Ndiyo siri yote. Kwa moto huo nimesomesha watoto na kuezeka nyumba kwa bati.

Kwa hiyo sikuandikii leo kama daktari wala mwalimu. Nakuandikia kama mama wa jikoni ambaye keki moja, kati ya mamia ya keki alizopika, ilimlazimisha kulitazama jambo alilokuwa akilikwepa kwa miaka kumi na mitano.

Nilikuwa na dada. Ndiye aliyenifundisha kupiga mayai mpaka povu lisimame, naye ndiye aliyenipa sufuria ile ya kwanza. Mwaka 2008, akiwa na umri wa miaka 42, alianza kutokwa na damu katika siku ambazo hazikuwa zake. Alinyamaza. Akawa anavaa khanga mbili badala ya moja, anaketi mbali kidogo na watu, na ajapo kunitembelea hakubali tena kulala kwangu. Nilipomwuliza alinijibu, "Ni mambo ya kike tu, mdogo wangu, yatapita." Nami nililipokea jibu hilo upesi, kwa kuwa lilinipa ruhusa ya kutouliza tena.

Maji yalipozidi unga tukampeleka hospitali. Wakati huo Bariadi ilikuwa ingali wilaya ya Mkoa wa Shinyanga. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012. Barabara ya kwenda Lamadi ilikuwa ya vumbi, na mgonjwa aliyeketi ndani ya basi alihesabu kila shimo kwa maumivu. Tulifika Bugando, Mwanza, na huko ndiko tulikoambiwa jina la ugonjwa: saratani ya mlango wa kizazi, nayo ilikuwa imekwisha enea. Tukaelekezwa Ocean Road, Dar es Salaam, kwa matibabu ya mionzi. Dada alikwenda, akarudi, akakaa nasi miezi michache. Alifariki mwezi Novemba 2009, akaacha watoto watatu. Wa mwisho, mvulana, alikuwa darasa la tatu.

Msibani hakuna aliyeutaja ugonjwa. Mmoja alisema ni tumbo, mwingine akasema ni mgongo, na wengine walinong'ona kwamba mama huyu amerogwa. Mimi nilikijua kilichomwua. Nilipoulizwa, nilisema ni tumbo.

HABARI KUTOKA LONDON

Mvulana yule, ambaye kwa desturi yetu ni mwanangu na huniita mama mdogo, amekua akasomea kazi ya maabara. Mwanzoni mwa mwaka 2024 alikuja kunisalimu, akanikuta nikipamba keki ya harusi kwa maua ya sukari. Alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Mama mdogo, wajua kwamba huko Uingereza watu waliwahi kuuza keki zenye sura ya maradhi?"

Nilidhani ananitania. Lakini akanieleza habari ambayo baadaye nilihakikisha kuwa ni ya kweli, nami naona yafaa nikusimulie.

Jijini London iko hospitali kongwe iitwayo St Bartholomew's, iliyoanzishwa mwaka 1123. Katika hospitali hiyo yamo makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1879, na makumbusho hayo si kama haya tuyajuayo. Humo hamna ngao wala mikuki wala vyungu vya kale. Mna viungo vya mwili wa binadamu, vipatavyo 5,000, vilivyohifadhiwa kwa dawa ndani ya chupa za kioo, kila kimoja kikionyesha ugonjwa au jeraha lililokiharibu. Vimepangwa kwenye rafu, orofa juu ya orofa, chini ya paa la vioo, na mtu hupanda kuvitazama kwa ngazi ya kuzunguka. Limo hata fuvu la John Bellingham, ambaye mwaka 1812 alimpiga risasi na kumwua Waziri Mkuu wa Uingereza, Spencer Perceval; mwuaji alinyongwa, na mwili wake wakapewa madaktari waupasue na kujifunza. Nyumba hiyo ilijengwa kwa ajili ya kuwafundisha wanafunzi wa udaktari, si kwa ajili ya watu wa kawaida kupita wakitalii.

Basi mwezi Oktoba 2012 mwanamke mmoja, Emma Thomas, ambaye katika kazi zake hujiita Miss Cakehead, aliwakusanya wapishi wa keki wakauza kazi zao ndani ya makumbusho hayo. Hawakupika maua wala kopa za mapenzi. Walipika mfano wa viungo vyenye maradhi. Palikuwa na vikeki vidogo vilivyopambwa kwa dalili za magonjwa ya zinaa, mambo ambayo kwetu hata kuyataja mbele ya wakwe ni taabu. Watu walikuja, wakatazama, wakanunua, wakala, na zile chupa zimesimama rafuni zikiwatazama.

Nisikufiche, ndugu msomaji: nilikasirika. Nilimwambia kijana kwamba chakula ni baraka, na kwamba anayekitengeneza kwa sura ya uozo anamchezea Mungu. Hakubishana nami. Aliangalia sufuria yangu kuukuu pale jikoni, akasema taratibu, "Mama mdogo, mama alikufa kwa kitu ambacho hakuna aliyetaka kukitazama."

Kisha akaaga akaenda zake. Usiku ule sikulala vizuri.

KAZI YA MAKUMBUSHO

Katika kukosa usingizi nilikumbuka Bujora. Huenda nawe umefika. Ni kilima chenye mawe makubwa karibu na Kisesa, si mbali na jiji la Mwanza, na juu yake yapo makumbusho ya Wasukuma yaliyoasisiwa na padre mmoja kutoka Kanada, David Clement, yakafunguliwa mwaka 1968. Nyumba zake zenyewe ni za ajabu. Moja imejengwa kwa umbo la kiti cha enzi cha mtemi, hata mgeni aingiapo huona kana kwamba ameingia ndani ya kiti. Imo ngoma ya watemi, vimo vyombo vya waganga, vimo vitu vya wacheza ngoma wa Bagika na Bagalu, watani na washindani wa tangu zamani.

Nilikwenda huko mwaka 2022 pamoja na binti yangu. Kila alipofika mbele ya kitu aliuliza, "Mama, hiki ni nini? Kilifanya kazi gani? Mbona siku hizi hakipo?" Nami nilijibu, na nisipojua nilimwuliza mzee aliyetuongoza. Mambo ambayo sikupata kumweleza mtoto wangu nyumbani kwa miaka kumi na moja, nilimweleza pale kwa saa mbili. Kwa nini? Kwa sababu kitu kilikuwa kimewekwa mbele ya macho yetu, na mahali penyewe ni mahali pa kuuliza.

Hiyo, naona, ndiyo kazi ya makumbusho yoyote, yawe ya ngoma au ya mapafu yaliyoungua kwa tumbaku. Humpa mdogo ruhusa ya kuuliza na humwondolea mkubwa aibu ya kujibu. Dada yangu hakukosa watu wa kumpenda. Alikosa mahali pa namna hiyo.

GHALA LA PAMBA

Kikundi chetu cha kuweka na kukopa kina akina mama ishirini na wawili. Tulipokutana mwezi Machi 2024 nilitoa rai: tufanye siku moja ya kuuza keki ili tupate mfuko wa nauli kwa mwanachama atakayetakiwa kwenda hospitali, na siku hiyohiyo tumwalike muuguzi aje azungumze juu ya saratani ya mlango wa kizazi. Hapo wote waliitikia. Niliposema keki zitakuwa na sura gani, palizuka kelele. Mmoja alisema nitawafukuza wateja. Mwingine alisema mumewe atadhani kikundi kimegeuka cha wahuni. Wa tatu alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Mwenyekiti wetu ni mama mzee tunayemwita Mayu, maana kwa umri ni mama wa wote. Alisikiliza mpaka kelele zikaisha, akauliza, "Miongoni mwenu nani hajamzika mwanamke aliyekufa kwa ugonjwa asioutaja?" Hakuna aliyeinua mkono. Basi likawa limekatwa.

Bariadi hatukuwa na nyumba ya makumbusho ya kuazima. Tuliomba ghala la pamba la chama kimoja cha msingi. Wewe unayekaa mjini huenda hujui: mwezi wa Aprili pamba ingali shambani, na maghala hukaa wazi yakinukia mbegu za mwaka uliopita, yakingoja msimu wa kununua. Tulifagia, tukatandika mikeka, tukapanga meza ukutani. Kisha Mayu akaongeza jambo ambalo mimi sikulifikiria. Alimtaka kila mwanachama alete kitu kimoja kilichoachwa na mwanamke wa nyumba yake aliyetangulia mbele ya haki, na chini ya kitu aandike kwenye karatasi jina la mwenyewe, mwaka aliofariki, na kilichomwua, kwa kadiri ajuavyo.

Siku ya Jumamosi, tarehe 20 Aprili 2024, vitu vilikuja. Lilikuja jembe lililolika likabaki nusu. Kikaja kibuyu cha maziwa, miwani yenye mguu mmoja, redio isiyosema, na kapu la kuwekea michembe. Karatasi nazo zilikuja. "Uzazi, 1987." "Malaria, 1996." "Ukimwi, 2001." "Shinikizo la damu, 2015." Karatasi saba ziliandikwa neno moja: "Hatujui."

Mimi nilileta sufuria. Nilikaa mbele yake na kalamu mkononi kwa muda mrefu kuliko ninavyokaa kuandika jina la bwana harusi juu ya keki. Kisha nikaandika: "Saratani ya mlango wa kizazi, 2009." Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuyaandika maneno hayo.

KEKI TATU

Keki za kawaida nilipika nyingi, maana watu huja kula kwanza ndipo wasikie. Lakini katikati ya ghala, juu ya meza ya peke yake, niliweka keki tatu nilizopika kwa maelekezo ya muuguzi, aliyenichorea picha kwa penseli. Mlango wa kizazi ni shingo ya mfuko wa uzazi; ukiutazama kwa mbele ni mviringo wenye tundu dogo katikati, mfano wa donati. Keki ya kwanza niliipaka sukari ya rangi ya waridi, laini, bila doa. Ya pili niliipaka vivyo hivyo, ila kando ya tundu nikaweka bato jeupe. Ya tatu niliiacha na mashavu yaliyopasuka, nikaipaka nyekundu iliyochanganywa na kakao, ikawa kama kidonda. Niliipamba ile ya tatu usiku, peke yangu, nikilia.

Muuguzi alianza na chupa ya siki. Akina mama wakaguna, kwa kuwa siki ni kitu cha kachumbari. Na sisi wapishi wa keki tunajua kijiko kimoja cha siki kikikutana na magadi huinua unga. Akaeleza kwamba kliniki hutumia maji ya siki yaliyopimwa nguvu yake, hupakwa kwenye mlango wa kizazi kwa pamba, na baada ya kama dakika moja mahali penye chembechembe zilizoanza kubadilika hugeuka peupe. Alionya kwa ukali kwamba hiyo ni kazi ya mtaalamu, na mtu asijaribu nyumbani kwa siki ya jikoni. Akaonyesha keki ya pili. Bato jeupe si saratani, alisema. Ni onyo kwamba, likiachwa, laweza kuwa saratani baada ya miaka. Likionekana mapema, huchomwa kwa kifaa cha baridi kali au cha joto, aghalabu siku hiyohiyo, na mama akarudi nyumbani kwa miguu yake. Mahali pengine siku hizi hupima pia virusi vyenyewe kwa sampuli. Akatuambia kwamba mwanamke wa miaka 30 hadi 50 yampasa kupimwa kila baada ya miaka mitatu hata kama hana dalili yoyote, na anayeishi na virusi vya ukimwi apimwe kila mwaka, kwa kuwa hatari kwake ni takriban mara sita.

Wanaume nao walikuwapo, waume watatu wanne na vijana wa bodaboda waliovutwa na harufu ya keki. Kijana mmoja wao, kofia mkononi, aliuliza swali ambalo wengi walilimeza: "Samahani, mama. Na sisi wanaume tunahusikaje?"

Muuguzi alimshukuru. Akaeleza kwamba ugonjwa huu huletwa na kirusi kinachoitwa HPV, ambacho huambukizwa kwa kujamiiana, na mwanamume aweza kukibeba bila kujua. Mwanasayansi wa Kijerumani, Harald zur Hausen, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008 kwa kuugundua uhusiano huo. Watu wengi waliowahi kujamiiana hukipata wakati fulani wa maisha yao, na miili iliyo mingi hukishinda yenyewe. Kwa wachache hubaki, na kutoka hapo mpaka saratani hupita miaka 15 hadi 20, au 5 hadi 10 kwa mwenye kinga dhaifu. Kisha akasema jambo ambalo naomba kila mume asomaye ukurasa huu alishike: maadamu safari yake ni ndefu hivyo, doa la leo haliwezi kuwa ushahidi wa uzinzi wa jana. Mwanamke aweza kuwa alikibeba tangu kabla ya ndoa, au alipewa na mumewe mwenyewe ambaye naye hakujua. Anayemshitaki mkewe kwa majibu ya kipimo anamfundisha asipime tena.

Nilimtazama mume wangu aliyekuwa amesimama mlangoni. Alikuwa anatazama chini.

KISU

Keki za kawaida zilikwisha. Ile ya waridi ikakatwa, ikanunuliwa, shilingi 500 kwa kipande. Ya pili nayo ikakatwa, kwa kucheka na kusukumana. Ya tatu ikabaki. Watu waliizunguka kwa mbali, kama watu waizungukavyo nyumba yenye mgonjwa. Nilisema moyoni kwamba wale waliosema nitawafukuza wateja walisema kweli, nikainua chano niiondoe.

Mayu akanizuia. "Leta kisu," alisema. "Hii ni unga, sukari na mayai. Tukishindwa kuikata keki, kitanda cha daktari tutakipandaje?" Akakata kipande, akakila taratibu mbele yetu sote, akafuta vidole kwa khanga, akaweka noti mezani. "Wabeja, mwanangu," akaniambia. "Ni tamu kama zile nyingine."

Baada ya hapo ilikwisha kwa muda mfupi. Mfuko wa nauli ulipata shilingi 164,000 siku ile.

Muuguzi akafungua daftari lake apate majina ya watakaokuja kliniki Jumatatu. Yaliandikwa kumi na matatu. Ndipo akaniinulia macho akauliza, "Na wewe mpishi, umepima lini?"

Hapa, ndugu msomaji, ndipo pagumu kwangu. Nilikuwa na umri wa miaka 46. Dada yangu alikufa mikononi mwangu. Ilikuwa ni mimi niliyeitisha siku ile, niliyepika keki zile, niliyewahubiria wenzangu tangu mwezi Machi. Na sikuwa nimepima hata mara moja. Kila mwaka nilijiambia kwamba msimu wa harusi ukiisha nitakwenda. Ukweli ni kwamba niliogopa kuambiwa jina lile lile. Nilimjibu muuguzi mbele ya watu wote: "Sijapima." Hakunicheka. Aliandika jina langu, likawa la kumi na nne.

Jumatatu nilikwenda. Kupima hakukuuma, kulinitia haya kwa dakika chache, basi. Muuguzi alipaka siki, akasubiri, akaniambia kwa sauti ya kawaida kwamba anaona bato jeupe, dogo, mahali ambapo laweza kutibiwa. Nililiona akilini wazi kabisa, kwa kuwa nilikuwa nimelipaka kwa mkono wangu siku mbili kabla. Alinitibu palepale kwa kifaa cha joto. Nilirudi nyumbani kabla ya adhuhuri nikapika ugali. Mwezi Mei 2025 nilirudi kupimwa tena kama nilivyoagizwa, nikaambiwa pamekuwa safi. Kati yetu kumi na wanne, wawili tulikutwa na doa. Habari za mwenzangu si zangu kuzisimulia.

Wiki ileile ya Aprili 2024 ilikuwa pia wiki ya chanjo ya HPV kwa wasichana nchini kote. Chanjo hiyo ilianza kutolewa nchini mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, bila malipo. Mwaka 2024 ikatolewa kwa wenye umri wa miaka 9 hadi 14, kwa dozi moja tu. Binti yangu alikuwa na miaka 13. Mume wangu alikuwa amesikia, kama wengi walivyosikia, ati chanjo hiyo hufunga kizazi, na kwa mwezi mzima jambo hilo lilikuwa halitajwi mezani petu. Jumatatu jioni, nilipokwisha kumweleza yaliyonipata kliniki, alinyamaza kitambo kirefu. Kisha akasema, "Mtoto apelekwe." Alimpeleka yeye mwenyewe.

NENO KWAKO

Mwezi Novemba 2020 Shirika la Afya Duniani lilizindua mpango wa kuufuta ugonjwa huu: ifikapo mwaka 2030, wasichana 90 katika kila 100 wawe wamechanjwa kabla ya kutimiza miaka 15, wanawake 70 katika kila 100 wawe wamepimwa kwa kipimo cha uhakika wakiwa na miaka 35, na tena wakiwa na miaka 45, na 90 katika kila 100 watakaokutwa na tatizo wawe wametibiwa. Ni hesabu za watu wakubwa. Lakini hesabu hizo hutimizwa na mtu mmoja mmoja anayevua viatu na kupanda kitandani.

Basi, wewe mama unayefanya kazi kiwandani, ofisini au sokoni, usingoje damu isiyo na siku zake, wala uchafu wenye harufu, wala maumivu ya nyonga. Dada yangu alivingoja hivyo, navyo vilipokuja alivifunika kwa khanga ya pili. Hata aliyechanjwa asidhani amesamehewa kupima atakapofikia umri. Nawe baba, siku mkeo atakapokwambia, "Kesho nakwenda kliniki kupima," usiulize kulikoni. Mpe nauli, na ukiweza, mfuate.

Sikushauri upike keki yenye sura ya ugonjwa. Pengine kwako kitakachofaa ni picha, au igizo, au mazungumzo tu wakati wa kuchambua mchele. Tafuta tu njia ya kuliweka jambo mezani, watu wa nyumba yako walione na kuliuliza wangali wazima.

Sufuria ya dada nimeirudisha jikoni. Ningali naitumia wakati umeme unapokatika, mchanga chini na makaa juu ya mfuniko. Karatasi niliyoiandika siku ile sikuitupa. Nimeibandika ndani ya mlango wa kabati la vyombo, mahali ambapo kila anayefuata sahani huiona. Majuzi mtoto wa jirani, aliyekuja kuazima mwiko, aliisoma kwa sauti akaniuliza, "Mama, hii saratani ya mlango wa kizazi ni nini?"

Nilimvutia kigoda akaketi.